Alama Tano za Mwenye Mali: Jinsi Msimbo Mfupi Unavyotengenezwa

Katika toleo hili twajibu swali ambalo viongozi wa steji za boda boda, vyama vya wafugaji na wenyeviti wa LC1 hutuuliza kwenye mabaraza. Chama kinapotaka kuipa kila mali ya wanachama wake alama isiyofanana na nyingine yoyote, alama hiyo iwe na urefu gani, iandikwe kwa herufi zipi, na mtu atajuaje kwamba haikukosewa njiani?

Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu ya mahali tulipo. Nalufenya ni pale barabara ya Kampala inapoingia Jinja baada ya kuvuka Nile. Pikipiki iliyoibwa hapa alfajiri yaweza kufika Malaba au Busia kabla ya adhuhuri. Ikisha kuvuka, habari zake husafiri kwa simu, kwa karatasi na kwa midomo ya watu wasio na lugha moja ya nyumbani. Wa upande huu hutaja namba, na wa upande wa pili huandika alichosikia. Hapo ndipo mali hupotea mara ya pili: pikipiki imesimama uani mwa kituo, mwenyewe amesimama nje ya lango, na karatasi zao zatofautiana kwa alama moja. Askari wa zamu hawezi kuitoa kwa huruma tu, maana kesho huenda akaja mwingine mwenye karatasi sahihi.

Namba tunazozitumia sasa zina mafunzo yake. Mwananchi akiripoti kituoni, huandikwa katika daftari la kituo na kupewa namba ya SD. Ikisomeka SD 14/07/03/2025, maana yake ni ingizo la 14 la tarehe 7 Machi 2025. Namba hiyo haina upekee wowote bila jina la kituo, kwa kuwa Mbale nako kuna ingizo la 14 la siku ileile. Kwa hiyo twawasihi kila mara: andikeni namba, na mbele yake mwandike jina la kituo. Wenye kukumbuka Nalufenya ilivyokuwa kabla ya Aprili 2018, wakati Inspekta Jenerali Martin Okoth Ochola alipoamuru mahabusu ya kikosi maalumu ifungwe na kituo kirudi katika kazi za kawaida, hawahitaji kuelezwa thamani ya jina la mtu kuwa na namba katika daftari. Ndugu humfuata aliyekamatwa kwa namba hiyo, na saa 48 za Katiba huhesabika kwa ingizo lenye tarehe na saa.

Bamba za magari ni mfano wa pili. Tarakimu tatu peke yake hutoa namba 1,000 tu, kuanzia 000 hadi 999. Herufi tatu zikichaguliwa kati ya 24 hutoa mipangilio 13,824. Ndiyo sababu Kenya, Uganda na Tanzania zote huchanganya herufi na tarakimu. Aliyefuatilia bamba za Kenya atakuwa ameona kwamba baada ya KBH ilikuja KBJ, na baada ya KBN ikaja KBP. Herufi I na O zimerukwa kwa makusudi, kwa sababu I hudhaniwa kuwa 1 na O kudhaniwa kuwa 0. Vivyo hivyo namba ya fremu yenye alama 17, ambayo hugongwa chumani kiwandani, haina I, O wala Q. Pikipiki nyingi za boda boda za pande zetu zinayo: zile za Bajaj huanza na MD2, na za TVS huanza na MD6. Ukiona O katika namba ya fremu iliyoandikwa kwenye hati ya mauziano, aliyeiandika amekosea, au kuna jambo zaidi ya kukosea.

Lakini baiskeli, cherehani, pampu ya maji, mtumbwi na ng'ombe havina bamba. (Baiskeli yastahili heshima zaidi mpakani, maana neno boda boda lenyewe lilizaliwa na waendesha baiskeli waliobeba abiria kati ya kizuizi cha upande mmoja na cha upande wa pili huko Busia.) Kwa mali hizo chama hujitungia alama, na wengi huanza na 1, 2, 3. Hesabu hiyo hufaa mpaka siku ng'ombe namba 27 wa chama kimoja akutane na ng'ombe namba 27 wa chama kingine sokoni. Baadaye huongezwa jina la kijiji, kisha mwaka, kisha simu ya mwenyewe, na alama yawa ndefu kuliko pembe za mnyama. Kwa mfugaji urefu si jambo la umaridadi, kwa kuwa kila alama ni chuma cha moto juu ya ngozi. Tena maumbo yaliyofungwa kama 8 na 0 huvilia yakipona na yakawa doa. Nchi za kanda hii zilipotia saini mkataba wa kuzuia wizi wa mifugo mwaka 2008, utambulisho wa mifugo uliwekwa miongoni mwa kazi zake. Namna ya kutunga alama yenyewe ndiyo tunayoieleza hapa.

Tuanze na muuza mayai. Trei moja hubeba mayai 30. Mwenye mayai 1,000 ana trei 33 na mayai 10 juu. Tuseme kila trei 30 hupangwa kuwa rundo moja, basi trei 33 ni rundo 1 na trei 3. Mayai 1,000 yamekuwa rundo 1, trei 3, mayai 10. Tumeiandika elfu moja kwa nafasi tatu badala ya nne, na hakuna yai lililopotea. Kikwazo ni ile 10 ya mwisho, ambayo imekaa nafasi mbili. Tukiipa alama moja, tuseme herufi C, elfu moja yaandikwa 13C.

Siri yote ni hiyo. Hesabu ya kawaida hufunga mafungu ya kumi kumi kwa sababu tuna alama kumi, 0 hadi 9. Ukiwa na alama nyingi zaidi, wafunga mafungu makubwa zaidi, na namba yawa fupi. Ukubwa wa fungu huitwa msingi wa hesabu. Hakuna sheria inayotulazimisha kutumia msingi wa 10, na hata sasa dakika 60 za saa ni urithi wa watu wa Babeli waliohesabu kwa mafungu ya 60.

Msomaji atauliza kwa nini basi tusichukue alama zote zilizopo. Tarakimu 10 na herufi 26 ni 36, na kwa nafasi nne tu hutoa misimbo 1,679,616. Kompyuta nyingine hutofautisha hata herufi kubwa na ndogo, zikapata alama 62. Sisi twashauri kinyume. Msimbo wa kompyuta husomwa na kompyuta, lakini msimbo wa mpakani huandikwa kwa kalamu juu ya goti, hutajwa kwa simu penye kelele za malori, na husomwa kwenye chuma chenye kutu. Herufi ndogo na kubwa haziwezi kutofautishwa kwa mdomo bila kugombana. Chagueni alama chache zisizofanana, hata kama msimbo utazidi kwa nafasi moja.

Kwanza ni jicho. O, Q na D hufanana na 0. I na L hufanana na 1. Z na 2, S na 5, G na 6, B na 8. Tukitaka tarakimu zote kumi zibaki, herufi hizo nane na moja ziondoke zote. Mtaalamu wa Marekani, Douglas Crockford, alipotunga alfabeti yake ya alama 32 aliziacha I, L, O na U tu. Hizo zatosha kwa maandishi ya mashine. Mwandiko wa mkono wahitaji ukali zaidi.

Pili ni sikio, na hapa pande zetu zina shida ambayo vitabu vya wageni haviitaji. Aliyesoma kwa Kiingereza akitaja A, anayesikiliza kwa Kiswahili husikia «ei» na huenda akaandika E. Akitaja E, mwenzake huandika I. Irabu zote, basi, ni mtego kati ya askari aliyesoma Mbale na karani aliyesoma Mwanza. Tuziondoe zote tano. Zaidi ya hayo, msimbo usio na irabu hauwezi kuunda neno kwa bahati mbaya, na hakuna atakayelalamika kwamba ng'ombe wake amechapwa tusi. Kisha kuna R na L, ambazo katika lugha kadhaa za hapa, Luganda ikiwamo, hubadilishana nafasi kinywani. L imekwisha kuondoka, kwa hiyo ukisikia «L» andika R. B imeondoka, P imebaki. D imeondoka, T imebaki. Tuondoe na N, ili M ibaki peke yake.

Zilizosalia ni 13: C, F, H, J, K, M, P, R, T, V, W, X, Y. Pamoja na tarakimu 10 zafika 23. F na V bado hukaribiana, hivyo kwenye simu zitajwe kwa majina: chai, Fort Portal, Hoima, Jinja, Kapchorwa, Mbale, Pallisa, Rakai, Tororo, Viktoria, Wakiso, eksirei, Yumbe. Kwenye redio polisi hutumia alfabeti ya kimataifa ya Alfa na Bravo, lakini mwananchi hana haja ya kujifunza hiyo.

Kila alama sasa yapewa thamani. Tarakimu zabaki na thamani zake, kisha C ni 10, F 11, H 12, J 13, K 14, M 15, P 16, R 17, T 18, V 19, W 20, X 21 na Y 22. Chukua mali iliyoandikwa ya 8,614 katika daftari. Gawanya kwa 23: wapata 374, na baki 12. Gawanya 374 kwa 23: wapata 16, na baki 6. Ile 16 ni ndogo kuliko 23, basi tumefika mwisho. Soma kuanzia mwisho kurudi mwanzo: 16, 6, 12, yaani P6H. Tukitaka misimbo yote iwe na urefu mmoja wa alama nne, twatanguliza sifuri: 0P6H. Alama nne za namna hii hutoa misimbo 279,841, inayotosha chama chochote cha wilaya tunachokijua.

Sasa twafika kwenye sehemu ambayo kwa maoni yetu ni muhimu kuliko ufupi. Msimbo uliokosewa alama moja huwa msimbo wa mtu mwingine, na yule mwingine yupo kweli. Dawa yake ni alama ya ukaguzi. Zidisha thamani ya alama ya kwanza kwa 5, ya pili kwa 4, ya tatu kwa 3, ya nne kwa 2, kisha jumlisha. Kwa 0P6H ni 0, na 64, na 18, na 24, jumla 106. Gawanya kwa 23, baki ni 14, nayo ni K. Msimbo kamili ni 0P6HK.

Mtu akiandika 8 mahali pa 6, jumla huwa 112, baki ni 20, na alama ya mwisho ingepaswa kuwa W. Ameandika K, basi kuna kosa, na karani hulijua papo hapo kabla ya kufungua daftari. Akigeuza P na 6 nafasi, jumla huwa 96, baki ni 4, na kosa hujitokeza tena. Hii si bahati. Kwa kuwa 23 ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kosa la alama moja halipiti kamwe, wala kubadilishana nafasi kwa alama mbili zozote. Tungetumia alama 24, hali ingeharibika: katika nafasi ya kuzidisha kwa 4, kosa la tofauti ya 6 lingeongeza 24 kamili kwenye jumla, na baki lisingebadilika. Ndiyo sababu tuliondoa herufi mpaka tukafika 23 na hatukusimama njiani. Makosa mawili au matatu kwa pamoja yaweza kupenya, kwa kadiri ya mara moja katika 23.

Simu iliyo mfukoni mwako ina kinga ya aina hiyo. Piga *#06# na utaona IMEI yenye tarakimu 15. Ya mwisho ni ya ukaguzi, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1960. Kanuni ya Luhn hunasa kosa lolote la tarakimu moja, ingawa 09 ikigeuzwa kuwa 90 hupita bila kuonekana. Andika IMEI ya simu yako kwenye daftari leo. Simu ikisha kuibwa, namba hiyo imeondoka nayo.

Limebaki suala la upekee. Wengine hupendekeza misimbo itolewe kwa kura, kwa kudhani kwamba nafasi 279,841 ni nyingi mno kugongana. Si hivyo. Katika chumba chenye watu 23 tu, kuna uwezekano unaozidi nusu kwamba wawili walizaliwa tarehe moja, ingawa mwaka una siku 365. Kwa misimbo yetu, kura zipatazo 620 zatosha kuufikisha uwezekano wa kugongana karibu nusu. Chama chenye wanachama 700 kingepata aibu hiyo mwaka wa kwanza. Anayepiga kura lazima aangalie daftari kila mara.

Kufuata mfululizo hakugongani, lakini kuna ubaya wake. Mwizi akiona baiskeli ina 0P6H, anajua kwamba jirani yake ni 0P6J, na aweza kuichonga iliyo halali ya mtu mwingine. Njia ya kati ni kuzidisha namba ya ingizo kwa namba moja kubwa isiyogawanyika kwa 23, tuseme 160,001, na kila jibu linapofika 279,841 au kuzidi, kutoa 279,841 mpaka libaki dogo kuliko hiyo. Ingizo la 1 hutoa 160,001, yaani J3CJ. La 2 hutoa 40,161, yaani 36X3. La 3 hutoa 200,162, yaani PC8P. Majirani wametawanyika, wala hakuna mawili yatakayofanana mpaka nafasi zote ziishe. Kila chama kijichagulie namba yake ya kuzidisha na kuihifadhi kwa mwekahazina. Kufuli si hilo. Mwenye hesabu nzuri na misimbo michache mikononi ataifumbua, lakini mwizi wa baiskeli kwa kawaida ana haraka.

Vyama viwili vikitumia njia hiyohiyo vitagongana. Kwa hiyo kila kimoja kitangulize alama yake, kwa mfano J kwa cha Jinja, M kwa cha Mbale, T kwa cha Tororo, na katika hesabu ya ukaguzi alama hiyo izidishwe kwa 6. Msimbo wote wawa na alama sita pamoja na ya ukaguzi. Hapo ofisi ya Mbale haina haja ya kupiga simu Jinja kabla ya kutoa msimbo mpya. Jambo la kukubaliana ni nani achukue herufi ipi, na hilo lifanyike mara moja, kwa maandishi, mbele ya ofisi ya wilaya.

Msitie ndani ya msimbo habari za mwenye mali. Kitambulisho cha taifa cha Uganda chenye alama 14 huonyesha kama mtu ni mwanamume au mwanamke, na mwaka aliozaliwa, nayo yafaa kwa mtu, maana mwaka wa kuzaliwa haubadiliki. Ng'ombe huuzwa, baiskeli hurithiwa, na simu ya mwenyewe hubadilika kila msimu. Habari hizo ziwe daftarini, ambako zaweza kufutwa kwa mstari mmoja na kuandikwa upya, zikiwa na tarehe na sahihi za muuzaji na mnunuzi.

Msimbo wa chama hauchukui nafasi ya namba ya SD, wala haufuti wajibu wa kuripoti wizi kituoni. Mali ikiibwa, njooni na vyote viwili: msimbo uliogongwa, na ukurasa wa daftari unaouonyesha. Ukutajie askari wa zamu kwa majina ya miji, kisha mwombe akusomee alichoandika. Mkipiga simu upande wa Kenya au Tanzania, fanyeni vivyo hivyo, na aliyepokea apige hesabu ya alama ya mwisho kabla hamjakata simu, maana haichukui hata dakika mbili. Daftari liwe na nakala ya pili, na nakala hiyo isikae nyumba moja na ya kwanza. Kwenye baiskeli, gongeni msimbo chini ya fremu karibu na pedali, na mara ya pili mahali ambapo mwenyewe tu anapajua, kwa kuwa pale pa kwanza ndipo tupa la mwizi linapoanzia.